Nichague supachaja gani kwa Mustang ninayoiendesha kila siku?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Houston, na nina Ford Mustang GT ya mwaka 2016 yenye gia za mkono. Injini haijawahi kufunguliwa na imeshatembea maili 58,000. Naenda nayo kazini kila siku, na Ijumaa moja moja usiku naipeleka kwenye uwanja wa mbio za robo maili. Nataka kuifunga supachaja ya sentrifugali. Muuzaji mmoja ana kompresa kubwa ya mashindano iliyotumika, anasema nikiiwekea puli kubwa itafanya kazi taratibu na nitaongeza nguvu baadaye. Rafiki zangu wanasema chini ya psi 12 ni kupoteza pesa, na kwamba nguvu za farasi 800 zinapatikana bila kufungua injini. Binamu yangu aliyeko Muscat ananitisha kwamba petroli yetu ya 93 ni dhaifu, kwa kuwa kwao wanaweka 95 na 98. Nichukue ipi, na je, injini itadumu?"*

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu umeyafunga pamoja mambo matatu ambayo ni lazima tuyafungue moja moja: ukubwa wa kompresa (yaani supachaja yenyewe, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), kiasi cha presha (tunayoipima kwa psi, paundi kwa kila inchi ya mraba), na uvumilivu wa injini ambayo bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Ushauri wangu ni kwamba hiyo kompresa ya mashindano umwachie mwenyewe, utafute ya saizi ya barabarani inayojilainisha kwa oili yake, uifunge pamoja na intakula ya kutosha, yaani kipoozeo cha hewa iliyokandamizwa, na uridhike na psi 8 hivi. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, lakini ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe hata juu ya kifaa ambacho sijakitaja hapa.

Kompresa ya sentrifugali kwa nje inafanana na konokono wa alumini. Mkanda unaotoka kwenye puli ya krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huizungusha puli yake, gia zilizo ndani huuongeza mzunguko huo mara tatu na nusu au nne, na upande wa pili gurudumu dogo la mapanga huzunguka mara 50,000 kwa dakika na zaidi. Hewa huingia katikati ya gurudumu, mapanga huirusha pembeni kwa kasi kubwa, kisha njia ile ya konokono inayozidi kupanuka huipunguza mwendo, na mwendo uliopotea ndio unaogeuka kuwa presha. Kwa kuwa presha inatokana na kasi ya mapanga, hupanda takribani kwa kufuata mraba wa kasi hiyo. Puli inayokupa psi 8 injini inapofika mizunguko 7,000 itakupa psi 4 tu kwenye mizunguko 5,000, na psi 2 kwenye 3,500.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoeleza tabia yote ya gari utakalolipata. Katika foleni ya asubuhi, ukiwa kwenye mizunguko 2,000, Mustang yako itakuwa karibu vilevile ilivyo leo. Ukiikanyaga ipite 5,000, nguvu zitaanza kujazana, na zitaendelea kujazana mpaka ukate gia. Wapo wanaosema huku ni kuchelewa kama kwa turbo, na hapo wanakosea. Turbo husubiri moshi uongezeke ndipo gurudumu lake lishike kasi, ilhali supachaja imefungwa kwenye krankshafti kwa mkanda, hivyo presha inayostahili mzunguko ulio nao inakuwepo palepale. Inayokosekana ni presha ya chini, na kama hiyo ndiyo unayoitamani, yaani gari linaloruka mara tu unapoachia klachi, basi nikuambie kwa uaminifu kwamba aina hii siyo yako. Kuna supachaja zinazosukuma kiasi kilekile cha hewa kwa kila mzunguko, nazo hukaa juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda zinazounda V. Dodge waliiweka ya lita 2.4 kwenye Hellcat ya 2015 yenye nguvu za farasi 707, na Ford wenyewe wakaweka ya lita 2.65 kwenye Shelby GT500 ya 2020 yenye 760. Kiwanda kinachouza gari kwa mtu yeyote hupenda nguvu zinazohisiwa mapema. Hata hivyo sentrifugali nayo ina ukoo wa heshima: Studebaker walikuwa nayo kwenye Golden Hawk ya 1957, na Koenigsegg CCX ilifikia nguvu za farasi 806 kwa kutumia mbili.

Kwa matumizi yako mimi naiona sentrifugali kuwa chaguo zuri, kwa sababu ambayo wengi huitaja kama kasoro. Kinachopinda konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, na kuteketeza klachi ni msukumo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, wakati kila mlipuko unakuwa na muda mrefu wa kuikandamiza pistoni. Kompresa inayoongeza presha polepole huiepusha injini na kipigo hicho, na matairi ya nyuma nayo hupata nafasi ya kushika lami.

Sasa tuje kwenye saizi, kwani ndipo muuzaji anapokuyumbisha. Usianze na psi. Anza na hewa. Injini yako ya lita 5.0 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika huvuta lita 17,500 hivi kila dakika, kwa kuwa kila silinda hujaza mara moja katika mizunguko miwili. Siku ya nyuzi 35, hewa hiyo ina uzito wa kilo 20. Mafundi wa petroli hukadiria kwamba kilo moja ya hewa kwa dakika huzaa takribani nguvu za farasi 22, na ukizidisha unapata 440, ambazo ni karibu sawa kabisa na zile 435 ambazo Ford waliziandika. Ukitaka 600 na kitu, unahitaji kompresa inayoweza kupitisha kilo 29 kwa dakika bila kuhangaika. Ukitaka 800, unahitaji zaidi ya kilo 36, na hiyo ni kompresa nyingine kabisa, yenye injini nyingine chini yake.

Kila kompresa ina ramani yake, inayofanana na ramani ya kilima: mistari ya duara inaonyesha ni wapi inafanya kazi kwa ufanisi, na kadiri unavyotoka kileleni ndivyo nguvu nyingi zaidi zinavyoishia kuwa joto badala ya presha. Ukingo wa kulia ni mahali inaposhindwa kupitisha hewa zaidi. Ukingo wa kushoto ni hatari zaidi: hewa ni chache kuliko inavyohitaji, inayumba na kurudi nyuma, nawe unasikia mngurumo wa kukatikakatika kwenye bomba, na beringi ndizo zinazolipa. Kompresa ya mashindano imechorewa kilele chake mbali upande wa kulia. Ukiiwekea puli kubwa ili "ifanye kazi taratibu", hukihamishi kilele hicho kuja kwako. Unaiendesha tu mahali ambapo haikuumbwa kufanya kazi, karibu na ukingo wa kushoto, hasa unapoondoa mguu ghafla kutoka mizunguko ya juu.

Ona tofauti yake kwa joto. Hewa ya Houston ya nyuzi 35 ukiisukuma kwa psi 8 kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75, hutoka ikiwa na nyuzi 88. Presha ileile, lakini kwa kompresa inayofanya kazi kwa asilimia 60, hutoka ikizidi nyuzi 100. Mshale wa presha kwenye dashibodi unaonyesha 8 kwa zote mbili, ilhali hewa ya pili ni nyepesi zaidi, inakaribisha injini kugonga (petroli kujiwakia yenyewe kabla ya wakati, kama nitakavyoeleza), na imekula nguvu nyingi zaidi za krankshafti. Hata ile nzuri inakula nguvu za farasi 35 hivi kwa kazi ya kukandamiza hewa peke yake, bila kuhesabu gia na mkanda. Ndiyo maana watu wawili wenye psi sawa hutoka kwenye mashine ya kupima nguvu na karatasi zinazotofautiana.

Psi 12 za rafiki zako ninaziheshimu kwa injini iliyojengwa upya. Kwa injini yako naona hata hesabu yenyewe haiwaungi mkono: psi 12 zikipita kwenye intakula nzuri zinakufikisha kwenye kilo 34 za hewa hivi, yaani nguvu za farasi 700 na ushei. Zile 800 zinataka presha zaidi ya hapo na mafuta yasiyogonga kirahisi, kama E85, ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, pamoja na pampu na nozeli za kuyapitisha.

Hapa binamu yako apewe jibu, maana amekutisha bila sababu. Namba ya 93 kwenye pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga, kile cha RON na kile cha MON. Namba za Oman, kama za Afrika Mashariki na Ulaya, ni RON peke yake, ambayo kwa petroli ileile huwa kubwa zaidi. Petroli yako ya 93 ni karibu sawa na 98 ya Muscat, na kwa vituo vya mafuta hiyo ni petroli nzuri. Tatizo lako halipo kwenye pampu, lipo kwenye silinda: injini yako tayari inaikandamiza hewa mara 11 bila msaada wowote. Ukiiongezea presha kabla haijaingia, mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda hupata joto na presha kiasi cha kuwaka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na mawimbi ya mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo.

Pistoni za injini hii zimetengenezwa kwa aloi ngumu iliyomiminwa, ambayo huvumilia joto lakini haivumilii nyundo. Niliwahi kuifungua moja ya aina hii iliyokuwa na supachaja na programu ya kompyuta ya injini iliyoandikwa kwa haraka. Juu, pistoni ya silinda ya nane ilikuwa safi kama mpya. Nilipoigeuza, ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umevunjika kipande cha urefu wa kucha ya kidole gumba, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo inayoshikika kwa kucha. Mwenye gari alikuwa ameisikia sauti ndogo, kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo, kwa sekunde chache tu, akadhani ni bomba la moshi limelegea.

Sehemu nyingine ya kuangalia ni gia za pampu ya oili. Kwenye Coyote (ndilo jina la injini hii ya lita 5.0) za miaka hiyo zimetengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa na kuokwa, na kwa gari la kawaida zinatosha kabisa. Ukiifunga supachaja, mkanda unaivuta pua ya krankshafti kwa nguvu ambazo haikuwa nazo, na ukigonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara uwanjani, gia hizo hupasuka. Oili hukatika papo hapo. Kwa mtu anayekwenda uwanjani kama wewe, nakusihi ubadilishe gia hizo ziwe za chuma cha kufua, pamoja na gia ya cheni iliyo kwenye krankshafti, wakati uleule wa kufunga supachaja. Kazi ni kubwa kwa kuwa sehemu ya mbele ya injini inafunguliwa, lakini hutapata wakati mwafaka zaidi ya huo.

Kuhusu aina, kompresa kama Vortech V-3 Si au ProCharger P-1SC-1 ziko kwenye saizi unayoihitaji, na zote mbili zina oili yake ndani ya boksi la gia. Zipo nyingine zinazokopa oili ya injini. Ni imara, lakini ni lazima utoboe sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ili oili irudi, na takataka za injini zinapata njia ya kuifikia kompresa. Rotrex wa Denmark wao hawatumii meno ya gia kabisa, wanatumia roli laini zinazosuguana kupitia oili maalumu, na matokeo yake ni kompresa ya kimya sana. Kwa V8 ya Marekani, hata hivyo, seti zilizokamilika ni nyingi zaidi kwa hizo mbili za kwanza, na seti iliyokamilika ina thamani kubwa kuliko jina. Oili ya boksi nayo ina ratiba yake, na ile ya kwanza hubadilishwa mapema kuliko zinazofuata. Ifuate kama kitabu kinavyosema, kwani gia zinazozunguka kwa kasi hiyo hazina subira.

Puli nayo ina hesabu yake, na uifanye kabla ya kununua. Chukua mizunguko ya injini, zidisha kwa kipenyo cha puli ya krankshafti, gawa kwa kipenyo cha puli ya supachaja, kisha zidisha kwa uwiano wa gia za ndani. Tuseme puli ya chini ni inchi 7, ya juu ni inchi 3.5, na uwiano wa ndani ni 3.6. Kwenye mizunguko 7,000 gurudumu la mapanga linazunguka mara 50,400. Ukishawishika kuweka puli ya inchi 3, inakuwa 58,800. Kama kikomo cha mtengenezaji ni 52,000, umekipita kwa nusu inchi tu ya chuma, na mkanda nao umebaki na sehemu ndogo ya kushika, hivyo utaanza kuteleza na kunuka mpira uliyoungua.

Intakula usiifanyie ubahili. Ile ya hewa kwa hewa, inayokaa mbele ya rejeta, inatosha kwa matumizi yako, na inaweza kuishusha ile hewa ya nyuzi 88 hadi 50 na kitu. Valvu ya kuachia hewa ni ya lazima, kwa ajili ya ule wakati unapoondoa mguu na kompresa bado inasukuma. Nozeli za kiwandani hazitatosha: kwa nguvu hizo, injini hunywa karibu kilo 2.5 za petroli kila dakika unapokanyaga hadi mwisho. Weka plagi zenye ubaridi wa daraja moja zaidi, na tarajia kwamba klachi ya kiwandani itaanza kuteleza ndani ya miezi michache ya Ijumaa zako. Uliza pia kama seti ina kibali cha CARB, bodi ya California inayosimamia usafi wa hewa, hata kama unaishi Texas. Kaunti ya Harris bado inapima moshi, na kibali hicho ni ushahidi kwamba mtengenezaji aliijaribu seti yake ikiwa na kila kifaa cha kusafishia moshi mahali pake.

Kwa wasomaji wa Nairobi niongeze jambo moja. Mji wenu uko juu ya bahari kwa takribani mita 1,700, na hewa ya huko ina presha ya psi 12 hivi badala ya 14.7. Kompresa huzidisha presha inayoikuta, haiijumlishi. Kwa hiyo puli ileile inayotoa psi 8 Mombasa itasoma 6.5 tu Nairobi. Anayeifunga huko juu kisha akaweka puli ndogo ili "kurudisha" zile 8, akishuka pwani na joto lake ataikuta injini inagonga.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyafanya, na ndugu yangu, usiyaruke. Kabla hujalipa hata senti, peleka gari kwa fundi apime kila silinda inavuja hewa kiasi gani. Silinda moja ikiachana sana na wenzake, mradi unasimama hapo hadi sababu ijulikane. Programu ya injini iandikwe na mtu aliye mbele ya gari lako, kwenye mashine ya kupima nguvu, akiangalia mchanganyiko usiwe mkavu kuliko hewa 11.5 kwa petroli 1 wakati wa presha, na akisikiliza sensa za kugonga. Faili iliyotumwa kwa barua pepe ni ya kuwashia gari na kulifikisha kwake tu. Na baada ya hapo, ukisikia zile kokoto kwenye kopo, au mlio wa supachaja ukibadilika kutoka filimbi kuwa msuguano, ondoa mguu, zima injini kando ya barabara, na uite gari la kuvuta.

Kama bado moyo unakuvuta kwa kompresa ya yule muuzaji, nenda kaiangalie kwa mikono. Izungushe puli polepole. Isikwame mahali popote. Shika ncha ya gurudumu la mapanga uisukume juu na chini. Ukihisi mchezo wa wazi, beringi zimechoka. Pitisha kidole taratibu kwenye kingo za mapanga: ukingo wenye pengo, hata la ukubwa wa punje ya mchele, umekwisha kugongwa na kitu, na kwa mizunguko 50,000 pengo hilo linatosha kuitikisa kompresa yote. Kisha muulize uwiano wa gia za ndani na kikomo cha mizunguko. Niandikie namba hizo mbili, pamoja na kipenyo cha puli zako na matokeo ya silinda zote nane, nami nitakupigia hesabu kamili kabla hujatoa pesa.